Moto wa Pole Pole

Reli itokayo Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, ikipita Shinyanga. Kwa miaka mingi magari ya njia hiyo yalivutwa na injini za mvuke. Watu walimsifu dereva kwa mwendo wake. Mimi naona sifa ya kwanza yamstahili yule aliyewasha moto.

Sikilizeni sababu yake. Injini iliyolala baridi haikufaa kuwashwa kwa pupa. Mwasha moto alitazama kwanza kioo cha kupimia maji ya boila, yaani pipa lile kubwa la chuma. Dari ya tanuri sharti ifunikwe na maji. Ikikauka, chuma hulegea kwa moto, mvuke hupasua, na watu hufa. Ndipo alipowasha moto mdogo, akauongeza kidogo kidogo kwa muda wa saa nyingi.

Je, huo ulikuwa uvivu? Sivyo. Chuma kikipata moto hutanuka. Upande mmoja ukiwa moto sana, na wa pili ungali baridi, vyuma huvutana, maungio huachana na maji huvuja. Hata chungu cha mama, kikiwekwa ghafula juu ya moto mkali, hupasuka.

Labda mtu atasema, “Lakini abiria walikuwa wakingoja.” Na wangoje! Afadhali gari lichelewe kuliko boila ipasuke. Atakaye kuondoka alfajiri, na aamke usiku. Haraka ya leo haiponyi uvivu wa jana.