Bahari Yetu, Mbona Tumekuwa Watazamaji?



Msimu wa harusi umepamba moto na tunajua wengi mnasubiri tuongee magauni na singo. Leo hapana. Leo tunaongea bahari, na tutasema kwa ukali kidogo, mtuwie radhi.

Juzi alikuja kwetu mwanamwali kupima nguo zake. Gauni la akdi tayari, la ukumbini tayari. Tukamuuliza fungate wapi? Akasema Matemwe, siku tatu. Tukafurahi, tukamwambia basi mtakwenda Mnemba kuangalia samaki. Akacheka. "Nitakwenda, lakini mimi nitakaa kwenye boti. Yeye ataogelea, mimi nitampiga picha."

Neno hilo limetukaa kooni. Bibi harusi anakwenda fungate yake kuwa mpiga picha!

Tazameni wale vijana wageni wanaoshuka bandarini na mabegi makubwa mgongoni. Wanalala chumba cha bei nafuu Nungwi, asubuhi wanapanda boti, wanavaa miwani na mrija, wanainamisha uso majini na kuelea juu ya matumbawe nusu siku. Jioni wamelala mchangani roho zimetulia. Wiki moja tu wamekaa, nao washawajua pono na changu wanavyocheza kwenye mwamba. Sisi tuliozaliwa hapa tunamjua pono akiwa Darajani juu ya meza, au kwenye sufuria ya mchuzi. Hatuwaonei wivu wageni. Tunajiuliza tu, nani alitwambia bahari hii si yetu?

Wapo watakaojibu haraka: mwanamke wa Kiislamu haogelei, ni aibu. Haya, tuulizane vizuri. Mama zetu wanaotanda dagaa wanaingia maji hadi kifuani, kanga imelowa chapa. Wanaolima mwani Paje na Jambiani wanashinda ndani ya maji kila bamvua tangu kilimo hicho kilipoanza mwishoni mwa miaka ya 1980. Wanaochokoa pweza je? Hakuna aliyesimama ufukweni kuwaambia wana aibu, maana jioni wanarudi na kitoweo na pesa. Lakini mwanamke huyohuyo akisema leo naingia kupumzika, niangalie alichoumba Mola wangu, midomo inafunguka kijiji kizima. Kwa hiyo maji yakiwa ya kazi ni halali, yakiwa ya raha ni haramu? Hiyo si dini, dada zetu. Hiyo ni mazoea yaliyovishwa kilemba cha dini.

Dini yenyewe inasemaje? Katika Surat An-Nahl, aya ya 14, Mwenyezi Mungu anaihesabu bahari katika neema alizowatiishia watu, na hakusema ni neema ya wanaume. Imepokewa hadithi inayotaja kujifunza kuogelea miongoni mwa michezo isiyohesabiwa upuuzi, na humohumo mmetajwa mume kucheza na mkewe. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, alishindana mbio na mkewe Bi Aisha. Mume na mke kufurahi pamoja kwa stara ni sunna, si uzungu.

Tena si suala la raha peke yake. Sisi ni watu wa visiwa, safari zetu ni za maji. Septemba 2011 tulizika watu wa MV Spice Islander, na Julai 2012, kabla machozi hayajakauka, MV Skagit ikazama karibu na Chumbe. Hatusemi kwamba kila aliyejua kuogelea angepona. Kadari ni ya Allah. Lakini kumwacha binti wa kisiwani akue bila kujua hata kuelea, kisha tukaita hiyo heshima, tutajibu nini? Hata riziki inatudai. Maji ya kina kifupi yamezidi joto, mwani wa kotoni unakufa, na wakulima wanaambiwa wausogeze kwenye kina kirefu. Mwanamke asiyejua kuogelea ataufuata vipi?

Ipo hoja moja tunaikubali: nguo ikilowa inaganda mwilini. Kweli kabisa, na ndiyo maana hatusemi muingie na baibui la kawaida. Kwanza linaganda, pili likinywa maji linakuwa zito na kukuvuta chini. Mwaka 2004 Aheda Zanetti, mama wa Kiislamu wa Australia mwenye asili ya Lebanon, alibuni burkini ili wanawake waingie majini wakiwa wamejisitiri. Sisi mafundi tunashona za namna hiyo, na siri iko kwenye kitambaa. Pamba hapana. Chukua cha nailoni chenye kuvutika, cha rangi nzito, kinachomwaga maji upesi. Suruali ndani, juu yake koti pana lifike magotini, ushungi ushonwe pamoja na shingo usielee. Pindo lifungwe kwa vitufe kwenye suruali lisipande juu. Anayeona bado haitoshi achague saa na mahali: asubuhi mapema kabla boti za wageni hazijajaa, au boti ya kukodi na mumewe na jamaa zake wa kike. Stara ina njia nyingi. Kukaa juu ya boti na kamera si njia pekee.

Na nyinyi wenye mahoteli, msidhani tumewasahau. Mteja wetu mmoja alitolewa kwenye bwawa la hoteli moja ya pwani ya mashariki, ati nguo yake haikubaliki. Hapa hapa kwetu, ambako adhana inasikika hadi kwenye bwawa hilo! Mwaka 2016 miji kadhaa ya pwani ya Ufaransa ilipiga marufuku burkini, na mahakama yao ya juu ya utawala ikasimamisha marufuku mwezi Agosti. Kule wanatufukuza majini kwa sababu tumejistiri. Huku jamaa zetu wanatufukuza kwa sababu tumeingia. Wote wawili wanataka tubaki nchi kavu.

Basi bibi harusi, kabla hujalipia keki ya ghorofa tano, uliza darasa la kuogelea la wanawake. Nungwi mradi wa Panje umewafundisha wasichana wakiwa wamejistiri mwili mzima, kwa hiyo usiambiwe haiwezekani. Anza kwenye maji ya kiunoni, jifunze kupumua kwa mrija ukiwa umesimama. Ukienda kwenye mwamba vaa jaketi la kuokolea, usiende peke yako, muulize nahodha habari za mkondo. Usikanyage matumbawe wala usiyashike, ni viumbe hai. Chumbe wamehifadhi mwamba wao tangu 1994, na wanafunzi wa Unguja hupelekwa kuuona; uangalie nawe uone tunachokilinda.

Nawe bwana harusi, usimwache mkeo juu ya boti. Mshike mkono mshuke pamoja.

Yule mwanamwali wetu tumemkatia nguo ya tatu, rangi ya buluu nzito. Hajaiomba. Tutamkabidhi pamoja na gauni lake kama zawadi, na uamuzi ni wake.

Mwenyezi Mungu azijaalie ndoa zenu mapenzi na rehema, na atulinde bara na bahari. Amin.