Arua na Koboko: Kufuli la kidijitali mbele ya kadi ya memori

Nyimbo za Kilugbara na Kikakwa bado husafiri kati ya Arua na Koboko ndani ya kadi za memori, zinazojazwa vibandani kwa ada ndogo. Aghalabu msanii haambulii kitu, ingawa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2006 inamlinda.

Majukwaa ya mtandaoni yana jibu lao. Wimbo hukatwa vipande vya sekunde chache, hufungwa kwa msimbo, na seva hutoa ufunguo kwa simu yenye idhini pekee. Lakini ufunguo huo huja kwa intaneti, na tangu Julai 2021 data nchini Uganda hutozwa ushuru wa asilimia 12, uliochukua nafasi ya kodi ya shilingi 200 kwa siku. Intaneti ilipozimwa wakati wa uchaguzi wa Januari 2021, kadi ziliendelea kuimba.

Hapo hoja ya kufuli inayumba. Mwenye kibanda huenda ndiye msambazaji pekee wa msanii wa Koboko. Kumpa leseni kungefaa kuliko kumfukuza. Ila chama cha kukusanya mirabaha, UPRS, kiko Kampala, zaidi ya kilomita 450 kutoka Arua.