Wahindi ni Kabila la 44, Lakini Nax Bado Tunawaita Wageni

Kama wewe ni msee wa Nax, hekalu la Wahindu unalijua kwa nje tu. Umepita hapo ukikimbilia mat, ukacheki geti na soja, ukasonga. Ndani hujawahi ingia. Na hii stori si ya dini pekee, ni ya nani anahesabika Mkenya.

Anza na reli. Ilianza Mombasa 1896 ikafika Kisumu 1901, ikipitia hapa Nakuru. Karibu wafanyakazi 32,000 waliletwa kutoka India. Kama 2,500 walikufa, na kama 6,700 wakabaki. Wengine wakaja baadaye kufungua maduka. Manze, kuna familia zilikuwa Kenya kabla shosh yako azaliwe.

Julai 2017, wiki chache kabla ya uchaguzi, serikali ikatangaza Wakenya wenye asili ya Asia ni kabila la 44. Sensa ya 2019 ikawahesabu 47,555. Kwa siasa zetu za namba, hiyo ni kura kidogo sana. Pembeni yao kuna watu wa Asia kama 43,000 wasio raia, wengi wao wako hapa kwa kazi na bizna. Hao ndio hekalu linawafaa zaidi. Fikiria binamu yako aliyeenda Doha: akishuka tu, anatafuta kanisa na wasee wa kwao, ndio apate mtu wa kuongea naye lugha ya nyumbani. Ni hivyo hivyo.

Sasa mbona geti imefungwa? Hofu yao haikutoka hewani. Sheria za 1967 ziliwabana wasio raia kwa vibali vya kazi na leseni za biashara. Maelfu wakahepa kwenda Uingereza, na Machi 1968 Uingereza nayo ikawawekea kizuizi. 1972 Idi Amin akawapa Waasia wa Uganda siku 90 watoke. Agosti 1982, jaribio la mapinduzi likifeli, maduka yao Nairobi yakaporwa. Mtu akipitia hayo, anajenga ukuta.

Lakini tusidanganyane, sisi pia tuko na machungu. Wengi wetu tunakutana na Mhindi kwa kaunta ama kwa kibarua, yeye mdosi, wewe unabebeshwa magunia. Kama umelipwa vibaya ama kutusiwa, hiyo kesi ni ya ofisi ya leba. Mdosi mbaya ashtakiwe kama mdosi, si kama Mhindi. Ukisema "warudi kwao", unamfukuza mtu mwenye kitambulisho kama chako.

Ukuta unaweza pungua. Cheki Makindu, kwa barabara ya Mombasa. Hilo ni la Masingasinga, dini tofauti, lakini msafiri yeyote akiingia anakula bure. Hakuna mtu anaita pale mahali pa wageni.

Hekalu letu la Nax linaweza jifunza hapo. Diwali, kisheria, ni likizo ya Wahindu pekee, lakini hakuna sheria inakataza kualika majirani. Na wewe pia, siku moja bisha geti, uliza kama unaweza ingia, vua viatu. Chapo umekula tangu utotoni. Wenye waliileta, hata jina la mmoja hujui.