Hadithi Haisubiri Sarufi

Kuna imani moja inayotawala ufundishaji wa Kiingereza katika sekondari zetu, na kwa kuwa husemwa kwa sauti ya busara, ni wachache wanaoihoji. Inasema kwamba mwanafunzi akijue Kiingereza kwanza, ndipo asome riwaya na kutunga hadithi kwa lugha hiyo. Sarufi ni msingi. Hadithi ni pambo la nyumba iliyokwisha kuezekwa. Kwa imani hiyo mzazi wa Mchukwi, wilayani Kibiti, anayemkuta binti yake wa kidato cha pili ameinamia kitabu cha hadithi humwambia aache mchezo, ashike daftari. Kwa imani hiyohiyo mwalimu mwenye nia njema kabisa hujaza ubao kwa nyakati za vitenzi muhula mzima, na kipindi cha kusoma hadithi, kama kimo katika ratiba, huwa kile cha Ijumaa mchana kinachomezwa na usafi wa mazingira. Hoja yangu ni kwamba imani hii imesimamisha mambo kichwa chini, miguu juu. Kusoma hadithi na kutunga, hata kwa Kiingereza kibovu, ndiyo njia ambayo sarufi humfikia mtoto. Na wanaoumizwa zaidi na imani hii ni watoto wa Kibiti, si wa Masaki, mtaa wa wenye nazo jijini Dar es Salaam.

Mtoto anayemaliza shule ya msingi Mchukwi amesoma karibu kila somo kwa Kiswahili. Nyumbani anasikia Kiswahili, na kwa bibi pengine Kindengereko. Mabasi ya Lindi na Mtwara yanapita wilayani mwake mchana kutwa katika barabara ya Kilwa, lakini hakuna abiria anayeteremka ili azungumze naye Kiingereza. Januari inayofuata anaingia kidato cha kwanza, anapewa wiki chache za kozi ya kumvusha, kisha baiolojia, jiografia, historia na hisabati zinamjia zote kwa lugha ambayo hajawahi kuitumia kununua hata kiberiti. Mwenzake wa Masaki ana katuni za televisheni, ana binamu waliosoma shule za kulipia, ana rafu ya vitabu sebuleni. Huyu wa Mchukwi anaye mwalimu wake tu, ambaye mara nyingi naye alijifunza lugha hiyo kutoka ubaoni. Kwake yeye kitabu ndicho mzungumzaji pekee wa Kiingereza anayeweza kukaa naye saa nzima, kumrudia sentensi ileile mara kumi bila kuchoka na bila kumcheka. Kumwambia asubiri vitabu mpaka aijue lugha ni kumzuia asikutane na lugha mpaka awe ameshaijua.

Hesabu yake si ngumu. Tuseme kila siku ya shule mwanafunzi anafanya zoezi la sentensi kumi, kila sentensi ina maneno kumi. Kwa wiki ni maneno 500, na kwa wiki 36 za masomo ni maneno 18,000. Sentensi zenyewe hazijuani: ya kwanza Juma kaenda sokoni, ya pili treni imechelewa, ya tatu malkia anakunywa chai. Sasa tuseme mwanafunzi huyohuyo anasoma kila baada ya wiki mbili kijitabu kimoja cha hadithi kwa Kiingereza chepesi, chenye maneno 8,000. Kwa wiki zilezile 36 atakuwa amesoma vijitabu 18, yaani maneno 144,000, mara nane ya yale ya kwanza, na yote yameshikana kwa sababu alitaka kujua mwisho wa kisa. Ndani ya maneno hayo amekutana maelfu ya mara na mambo ambayo kanuni haziwezi kuyamaliza: lini sentensi inataka *a* na lini inataka *the*, kitenzi gani huandamana na kihusishi gani. Vitabu vya sarufi hutumia kurasa nyingi kueleza mambo haya na msomaji akafunga kitabu akiwa amechanganyikiwa zaidi. Aliyesoma hadithi nyingi hawezi kukupa kanuni, lakini sikio lake linamwambia.

Hili si dhana ya mtu aliyekaa kivulini. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, huko Fiji, watafiti Warwick Elley na Francis Mangubhai walichukua wanafunzi 380 wa darasa la nne na la tano katika shule nane za vijijini zilizokuwa na vitabu vichache mno, ambako Kiingereza ni lugha ya shuleni tu. Kila darasa lilipewa vitabu vya hadithi 250 vya kuvutia. Walimu waliambiwa wawasomee watoto au wawaachie wajisomee, basi. Wanafunzi wa shule nyingine waliendelea na mazoezi ya muundo wa sentensi kama kawaida. Baada ya miezi minane, wale wa vitabu walikuwa wamesonga mbele katika kusoma na kusikiliza kwa ufahamu kwa kasi mara mbili ya kawaida. Mwaka wa pili faida ikatambaa hadi kwenye stadi nyingine, kuandika kukiwemo, ilhali hawakuwa wamepewa dozi ya ziada ya sarufi. Yeyote anayesema sarufi kwanza ana deni la kueleza matokeo hayo.

Wala hatuna haja ya kwenda Fiji. Mwaka 1984 Waingereza wawili, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wetu tangu shule za msingi hadi chuo kikuu, wakakuta kwamba wengi wa sekondari hawakiwezi kiasi cha kujifunza nacho somo lolote. Nini kilipaswa kufuata ni ugomvi mrefu. Zaline Roy-Campbell na Martha Qorro waliuandikia kitabu kizima mwaka 1997, na wana haki yote ya kuuliza kwa nini lugha ambayo mtoto haielewi iendelee kumfundishia fizikia. Lakini katika mradi uliozaliwa na ripoti ile kulikuwa na jambo moja sahihi, nalo ni kupeleka mashuleni vitabu vya hadithi kwa Kiingereza chepesi. Vitabu vya aina hiyo viliandikwa hata hapa kwetu. Richard Mabala, Mwingereza aliyechukua uraia wa Tanzania, aliandika kisa cha Hawa dereva wa basi, na vizazi vya vidato vya kwanza vinamkumbuka Hawa. Mradi ulikwisha, lakini imani ya sarufi kwanza ikabaki palepale. Ndiyo maana orodha ya vitabu vya ziada ikabaki kwenye muhtasari wa somo huku daftari likibaki mezani.

Matokeo yake yanauzwa kwenye steshenari yoyote. Namaanisha vile vijitabu vya uchambuzi, vilivyotolewa kopi mpaka herufi zimefifia, vinavyoeleza dhamira, wahusika na mafunzo ya riwaya na tamthilia zilizoteuliwa kwa kidato cha tatu na cha nne. Swali la mtihani kwa kawaida humtaka mtahiniwa atumie vitabu viwili alivyosoma kujadili jambo fulani. Mtahiniwa anakariri kwamba mhusika fulani ni mkoloni mamboleo, fulani ni mwanamke jasiri, anaandika, anapata alama, na hajawahi kufungua riwaya yenyewe. Sisemi haya kumlaumu kijana. Amefanya biashara ya akili: ameambiwa vitabu ni vya wanaojua lugha, naye anajua kwamba haijui, kwa hiyo amenunua mafupa yaliyokwisha kutolewa nyama. Insha nazo zimepata dawa ileile. Kuna barua ya kuomba kazi ya kukaririwa, kuna hotuba ya mahafali ya kukaririwa, kuna hadithi moja ya kukaririwa inayoanza kwa methali na kuishia kwa ajali ya barabarani. Tunasahihisha kumbukumbu, kisha tunashangaa kwamba mhitimu wa kidato cha nne hawezi kuandika nusu ukurasa kueleza kilichotokea jana.

Hapo ndipo utunzi unapoingia, na hapo ndipo imani hii inapokuwa kali zaidi. Kusoma, watu husema, sawa. Lakini mtoto asiyejua kuunda wakati uliopita atatungaje hadithi? Jibu ni kwamba waandishi wenyewe hawakungoja ruhusa. Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika *Weep Not, Child*, iliyotoka mwaka 1964, akiwa bado mwanafunzi wa Makerere, na kabla ya hapo alikuwa akijaribu kalamu yake katika jarida la wanafunzi la *Penpoint*. Mshairi Okot p'Bitek alimfanya mhusika wake Lawino aimbe kwa Kiacholi kwanza, ndipo akamvusha kwenye Kiingereza, na Kiingereza chake kikawa na nguvu kwa sababu kilibeba mwendo wa lugha nyingine. Amos Tutuola wa Nigeria, aliyekaa shuleni miaka sita hivi tu, alichapishwa London mwaka 1952 kwa Kiingereza ambacho mwalimu yeyote wa Kibiti angekijaza wino mwekundu. Wasomi wa kwao waliona aibu. Riwaya yenyewe ingali inasomwa. Simtoi Tutuola kama kielelezo cha sarufi. Namtoa kwa sababu anathibitisha kwamba mtu mwenye jambo la kusema huipanua lugha aliyo nayo mpaka imtoshe, na huko kuipanua ndiko kujifunza kwenyewe. Mtoto anayetafuta namna ya kusema kwamba mamba alikuwa ameshaondoka kabla baba hajafika mtoni anauhitaji ule wakati timilifu uliopita. Asiye na mamba wala baba katika sentensi yake hauhitaji, na kwa hiyo hauoti.

Na bonde la Rufiji, kwao na mtoto huyo wa Kibiti, halina uhaba wa mambo ya kusema. Kinjeketile Ngwale, yule wa Vita vya Maji Maji, alikuwa mtu wa Ngarambe, na Wajerumani walimnyonga Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Ebrahim Hussein alimwandikia tamthilia kwa Kiswahili mwaka 1969, kisha akaitia Kiingereza mwenyewe, hivyo njia ya kutoka lugha hii kwenda ile imeshafyekwa na mtu wa Lindi. Manowari ya Kijerumani *Königsberg* ilijificha kwenye mikoko ya delta na mwisho wake ukawa humohumo Julai 1915. Wilbur Smith akakichukua kisa hicho, akakibadilishia majina, akatoa riwaya mwaka 1968, *Shout at the Devil*, na baadaye ikawa filamu. Delta ya Rufiji imo katika hadithi za Kiingereza tangu zamani, ila imeandikwa na wengine. Mwanafunzi anayejua dungu ni nini na kwa nini watu walilala juu yake kulinda mpunga, aliyeona maji ya Aprili 2024 yakifunika mashamba bondeni, anaambiwa aandike insha juu ya umuhimu wa uwanja wa ndege. Uandishi wake unakuwa mkavu, tunasema hana msamiati.

Wapo wanaopinga kwa hoja nzito zaidi ya mazoea. Wa kwanza husema makosa yakiachwa yatazoeleka. Ni kweli, kama mtoto anaandika tu bila kusoma. Ndiyo maana nasema mambo haya mawili yaende pamoja, kwani sentensi safi alizozisoma ndizo zitakazozichokoza zile mbovu alizoziandika. Sarufi nayo ina kazi yake hapo. Mwalimu akichukua makosa matatu yaliyojirudia katika hadithi za darasa na kuyafundisha Jumatatu, atasikilizwa, maana kila mmoja atajiona humo. Wa pili husema darasa limejaa, mwalimu atasahihisha hadithi ngapi? Asisahihishe zote. Insha kumi zisomwe kwa sauti, nyingine wabadilishane wenyewe kwa wenyewe, na kalamu nyekundu ipumzike. Ni kasumba yetu tu kudhani maandishi yasiyopewa alama hayakufundisha kitu.

Wa tatu husema vitabu havipo. Hii ndiyo hoja ninayoiheshimu kuliko zote, kwa kuwa rafu tupu haijazwi kwa makala. Hata hivyo uhaba haufanyi imani ya sarufi kwanza iwe kweli. Unatuambia tu fedha zielekezwe wapi. Hadithi fupi za mradi wa African Storybook zinapatikana bure kwa Kiingereza na Kiswahili, na zinaruhusiwa kuchapwa. Hadithi bora za kidato cha pili, zikishanyooshwa na mwalimu, ni kitabu cha kusomwa na kidato cha kwanza mwaka unaofuata. Wa nne, ambaye pengine amemsoma Ngũgĩ wa baadaye, aliyeacha kutunga kwa Kiingereza, atauliza kwa nini mtoto wa Mchukwi atunge kwa lugha ya mkoloni badala ya Kiswahili. Atunge kwa Kiswahili pia, na aanze nacho; tabia ya kusoma ikishajengeka katika lugha moja huvuka nayo kwenda nyingine. Lakini maadamu taifa linampima kwa Kiingereza na kumfungia milango kwa Kiingereza, kumpa Kiingereza cha kujaza nafasi zilizoachwa wazi, na kumwekea kile cha kuwazia mtoto wa tajiri, hakumkomboi na mkoloni yeyote.

Kizuizi kikubwa kilichobaki ni mtihani, na hicho kiko mikononi mwa Baraza la Mitihani, si mwa mwalimu wa kijijini. Maadamu swali la fasihi linajibika kwa uchambuzi, uchambuzi ndio utakaosomwa, na mwalimu anayetumia vipindi kusoma riwaya ataonekana anawachelewesha watoto. Baraza liweke mtihanini ukurasa mmoja wa hadithi ambayo hakuna aliyewahi kuiona, limtake mtahiniwa aseme kwa nini mhusika alitenda alivyotenda, kisha aiendeleze hadithi hiyo kwa aya mbili za kwake. Swali la namna hiyo halikaririki. Likitoka miaka miwili mfululizo, wenye steshenari wataanza kutoa kopi za hadithi.