Sweta langu na koti la Dolly Parton

SISI tuliokulia Nairobi miaka ya themanini tunakumbuka redio za majirani zilivyokuwa zikipiga muziki wa kantri: Jim Reeves, Kenny Rogers, Skeeter Davis. Ukuta wa mabati hauzuii sauti. Ndivyo nilivyomfahamu Dolly Parton kabla sijapata Kiingereza cha kumwelewa.

Juzi nimeisikiliza tena albamu yake ya 1971, Coat of Many Colors. Ni nyimbo kumi tu, hazifiki nusu saa. Saba katunga mwenyewe, tatu ni za Porter Wagoner, aliyekuwa bosi wake, na hizo tatu, kusema kweli, mtu anaweza kuziruka. Uzito uko kwenye wimbo wa kwanza, uliobeba jina la albamu. Aliuandika mwaka 1969 akiwa safarini, nyuma ya risiti ya dobi ya suti ya Wagoner. Ni kisa chake mwenyewe: mtoto wa nne kati ya 12, kule milimani Tennessee, mama anamshonea koti la viraka huku akimsimulia habari za Yusufu wa kwenye Biblia. Mtoto analivaa kwa fahari. Anafika shuleni, wenzake wanamcheka.

Ndugu msomaji, koti hilo nimelivaa. Langu lilikuwa sweta. Mama alinunua masweta mawili ya mitumba Gikomba, akayafumua, akafuma moja. Shule ilitaka bluu. Kifua kikawa bluu, mikono ikawa bluu nyingine. Darasani nilipewa jina ambalo sitaliandika hapa, juu ya lile la “mkimbizi” nililokuwa nalo tayari. Basi kila asubuhi nililivua langoni, nikatetemeka na baridi ya Julai, jioni nikalivaa tena ili mama asijue.

Hapo ndipo ninapotofautiana na Dolly. Katika wimbo ule anadai kwamba maskini ni yule aliyekubali kuwa maskini. Sisi nani alituuliza? Waliokimbia 1959 hawakuchagua, na sisi tuliozaliwa ugenini hatukuchagua. Lakini nampa haki yake kwa jambo moja: hakuficha. Alikuwa na miaka 25, jina analo, angeweza kuimba mapenzi tu na rekodi zikauzwa.

Sisi tuliorudi tumeficha. Watoto wetu wanajua tulisoma Kenya, Uganda, Tanzania au Kongo, ila picha tunazowaonyesha ni zile za mahafali. Mwezi uliopita, darasani kwangu hapa Kigali, mvulana mmoja alimcheka mwenzake kwa jaketi la caguwa. Baba wa mvulana huyo nilisoma naye. Najua alichokuwa akivaa! Na ninyi mnaofanya biashara mipakani mnajua kwamba tangu ushuru wa nguo hizo upandishwe mwaka 2016, kutoka senti 20 za dola hadi dola mbili na nusu kwa kilo, hata caguwa si ya kuchezea.

Sikumchapa yule mvulana. Nilimpigia simu baba yake nikamwomba aje awasimulie wanafunzi habari za sare yake ya zamani. Alisema ana kazi nyingi. Nikawasimulia mimi habari za sweta. Wakauliza liko wapi. Nikawaambia mama alilifumua mwaka 1995, tulipokuwa tukijiandaa kurudi nyumbani, akamfumia mdogo wangu kofia.