Vikapu Kumi na Viwili na Uniti za LUKU



Mwezi uliopita niliingia kanisani saa nne usiku kutafuta miwani yangu. Hapakuwa na mtu, lakini taa zote zilikuwa zinawaka na feni zinazunguka juu ya mabenchi matupu. Kwaya ilikuwa imemaliza mazoezi saa mbili. Nilitaka kukasirika, nikakumbuka kwamba anayefunga kanisa ni mimi.

Katika Injili ya Yohane, sura ya sita, Yesu alipokwisha kuwashibisha watu elfu tano, aliwaagiza wanafunzi wakusanye vipande vilivyosalia. Mwenye uwezo wa kuongeza mikate hakukubali ipotee! Sisi wahubiri tunaupenda muujiza, vikapu kumi na viwili tunaviruka.

Hebu piga hesabu. Balbu ya kizamani ya wati 60, ikiwaka kwa saa tano kila usiku, inakula uniti 9 kwa mwezi. Ya LED ya wati 9, yenye mwanga unaokaribiana nayo, haifikishi uniti moja na nusu. Na kwa kuwa sehemu ya umeme wetu inatokana na gesi asilia, uniti unayookoa inapunguza hewa ya ukaa.

Mzigo mkubwa, hata hivyo, uko jikoni. Kaya nyingi za Tanzania bado zinapikia kuni na mkaa. Mwaka 2024 Serikali ilizindua mkakati unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Maharage katika sufuria ya presha ya umeme yanaiva kwa chini ya uniti moja. Kikwazo ni bei ya sufuria yenyewe. Mama anayenunua mkaa wa kopo kila jioni analipa zaidi ya mwenye gunia, na hela ya sufuria haimkai mkononi. Tafadhali, usimhubirie habari za misitu. Jumuiya zetu ndogo ndogo zinachangishana kwa misiba na harusi. Kwa nini tusiwe na mchezo wa sufuria, kila mwezi nyumba moja?

Papa Fransisko, katika waraka wa Laudato Si' wa mwaka 2015, alitaja hata kuzima taa zisizohitajika. Wapo walioona jambo hilo ni dogo mno kwa waraka wa Papa. Nilikuwa mmoja wao, hadi usiku ule wa miwani.

Nyumba ya mapadre, nakiri, bado inapikia mkaa. Jumatano halmashauri ya walei inakutana, na ajenda ya kwanza nimeiandika mimi.