FUMBA SI NALIENDELE: HII "MBEGU BORA" YA UFUTA NI BORA WAPI?

Wasomaji wangu, leo nina hasira kidogo, mnivumilie. Kila anayepewa kipaza sauti kuzungumzia kilimo huimba wimbo ule ule: wakulima waachane na mbegu za kizamani, watumie mbegu bora. Makofi, soda, watu wanaondoka. Hakuna anayeuliza: bora wapi? Bora kwa nani? Basi mimi nauliza, na mfano wangu ni ufuta, huu huu tunaounyunyizia kwenye mkate Ramadhani ikifika.

Kwanza niwape haki yao wataalamu. Kule Mtwara kipo kituo cha utafiti cha Naliendele, ambacho kwa miaka mingi kimeshughulikia ufuta wa Tanzania. Kimetoa mbegu zenye majina na miaka yake: Naliendele 92, Ziada 94, Mtondo 2013. Ni kazi ya kuheshimiwa. Lindi na Mtwara leo ufuta unauzwa kwa mnada chini ya stakabadhi ghalani, na Tanzania imo miongoni mwa wazalishaji wakubwa Afrika pamoja na Sudan, Nigeria na Ethiopia. Sina ugomvi na Naliendele. Ugomvi wangu ni na wale wanaodhani mbegu ikishafuzu Naliendele imefuzu dunia nzima.

Jamani, Fumba ni uwandani! Jiwe liko juu, udongo umejificha kwenye vishimo kati ya mawe. Dodoma na Singida ukame wao ni wa mvua kuwa chache. Wetu ni wa jiwe: mvua inanyesha, maji yanazama kwenye nyufa, na baada ya siku chache za jua mmea unaona kiu. Mbegu iliyochaguliwa kwenye udongo mwingine na mvua nyingine huenda ikafanya vizuri hapa, huenda ikanyauka. Wenye fani wanalijua hili vizuri sana: ukipanda aina zile zile sehemu mbili tofauti, iliyoshika namba moja kule inaweza kushika mkia huku. Dawa ni kujaribu papo hapo, tena zaidi ya msimu mmoja.

Na hapa ndipo mbegu zetu za asili zinapoingia. Ingia konde yenye ufuta wa kienyeji uangalie kwa macho. Huu umetoa matawi mengi, ule umesimama shina moja. Huu umewahi kutoa maua, ule umechelewa. Mwengine una ganda moja pale jani linapoota, mwengine matatu. Mbegu nyeupe, za kahawia, nyeusi. Mtaalamu wa mezani huona vurugu. Mimi naona akiba! Mvua ikikatika mapema, uliowahi kukomaa unakuokoa. Ukipanda aina moja tu na ikashindwa, imeshindwa konde nzima.

Tena ufuta wenyewe unarahisisha kazi. Kwa sehemu kubwa hujichavusha wenyewe, ingawa nyuki nao huchanganya kidogo. Kwa hiyo mkulima akichagua mmea mzuri akaweka mbegu zake mbali, watoto wengi watafanana na mama. Sharti ajue kutofautisha kinachorithiwa na kilicholetwa na shimo lenye udongo mwingi. Kwa hili ndipo tunamtaka bwana shamba, aje afundishe.

Najua nitajibiwa: mnunuzi anataka ufuta mweupe, wa rangi moja. Kweli, mchanganyiko huvunja bei. Lakini hiyo ni sababu ya kuchambua ndani ya mbegu zetu wenyewe, kupata nyeupe inayohimili jiwe. Haikuwa sababu ya kuzitupa. Ukishatupa, utachagua kutoka wapi?

Na wala mmea uliotengenezwa kwa kuangalia sifa moja si muujiza. Mwaka 1943 huko Venezuela, Mmarekani Derald Langham aligundua ufuta ambao maganda yake hayapasuki yakikauka. Watu walishangilia, maana ufuta wa kawaida ukichelewa kuvuna unamwaga mbegu zote chini. Kumbe maganda yale yakawa magumu hata kupura ni shida! Ukavuta huku, kule kukakatika. Mwaka 2014 wanasayansi wa China walichapisha ramani ya vinasaba vya ufuta, jeni karibu 27,000. Ramani hiyo ni nzuri, lakini bila aina nyingi tofauti mkononi ni ramani ya nyumba tupu.

Wengine watacheka: Fumba sasa ni ya majumba, ufuta wa nini? Nawakumbusha kwamba karne ya 19 ufuta wa pwani hii ulipitia Zanzibar kwenda Marseille kukamuliwa mafuta na kutengenezewa sabuni. Malindi walilima kwa jasho la watumwa. Zao hili lilitajirisha watu, na si wakulima. Leo tuna Wizara yetu wenyewe, kilimo si jambo la Muungano, na Kizimbani tuna kituo cha utafiti. Hakuna wa kumsingizia.

Ninachodai ni kidogo. Mosi, mbegu za ufuta zilizobaki kwa wazee wa Fumba, Bweleo na Dimani zikusanywe kabla tingatinga halijafika na kabla wenyewe hawajaondoka. Pili, zipandwe uwandani, ubavuni mwa Ziada 94 na wenzake, misimu miwili au mitatu. Tatu, matokeo yabandikwe kwa sheha, kwa Kiswahili, kila mtu asome. Ikishinda ya Naliendele, nitakuwa wa kwanza kuipigia debe hapa hapa. Ikishinda ya bibi, ipewe jina na iuzwe madukani.

Kinyume cha hapo, msituite wabishi. Mkulima anayekataa mbegu ambayo hakuna aliyeijaribu kwenye jiwe lake ana akili timamu.

Nimesema. Mwenye jibu ajibu.